Mistari Mitatu ya Mizabibu

Veyula, Dodoma
14 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute jicho linaendelea vizuri, na dada Dorothea anakutia dawa kwa saa zake bila ninyi wawili kugombana huko Mpwapwa. Sisi huku wazima. Upepo wa Juni umeanza, asubuhi hatutoki bila sweta, na mizabibu yako imeshika matunda.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu mpya ni kuchora nini hasa. Tunapanga njia za baiskeli, Mama, za kuunganisha vijiji na mji, ili mtu wa Veyula afikishe maziwa yake sokoni Majengo, na mwanafunzi afike shule, bila kusukumwa mtaroni na malori ya barabara kuu. Wiki mbili nzima niliendesha baiskeli nyuma ya Nathanaeli, yule muuza maziwa. Mwaka juzi lori lilimgusa usukani tu, akalazwa miezi miwili. Ndiye aliyenionyesha kwamba njia tayari ipo. Watu wameikanyaga miaka na miaka, inavuka kijito pale penye mchanga mgumu, wala haina kona isiyo na sababu. Kazi yetu ni kuipanua na kuiwekea daraja dogo.

Jumamosi iliyopita tulibandika mchoro kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Watu walifurahi, Nathanaeli akapiga hata vigelegele, tukamcheka. Jirani yetu mama Yotham aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole jiko lake atalihamishia wapi, maana njia inapita juu yake. Nikamwambia atasaidiwa kujenga jingine. Akaitikia kwa kichwa, akawageukia wenzake: "Kama ni Anitha amechora, basi hapakuwa na namna."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani.

Dada Dorothea, hapa msomee Mama polepole. Mama, namna ilikuwapo. Njia waliyoikanyaga watu haipiti kwa mama Yotham. Inapita ukingoni mwa shamba letu, na kuipanua kunataka mistari mitatu ya mizabibu, ile aliyoipanda Baba mwaka wake wa mwisho. Nilipofika hapo kwenye mchoro, mkono wangu ulikwenda kushoto, kwa mama Yotham. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyeona. Nilijiambia kwamba wewe unaumwa, na kwamba jiko la mwenzetu ni udongo tu, hujengwa tena.

Jumatatu nilimweleza mkuu wangu, mhandisi Jiten. Hakunikaripia. Alifuta miwani yake mpaka nikatamani anigombeze, kisha akasema kipande cha Veyula atakishika mtu mwingine, na mstari utarudi ulipopaswa kuwa, ila mwenye shamba aulizwe kwanza kama mtu mwingine yeyote. Jioni nikaenda kwa mama Yotham, nikamwambia yote. Alimaliza kupepeta uwele wake. Kisha akasema, "Mwandikie mama yako kabla hajasikia kwa watu."

Basi nimekuandikia. Nisamehe, Mama. Nilikufanya mwizi wa jiko la jirani bila wewe kujua.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Ina nafasi ya kukubali na nafasi ya kukataa. Ukikataa, watatafuta pengine pa kupita, lakini jiko la mama Yotham halitaguswa, hilo nimehakikishiwa. Sitapiga simu kukushawishi. Shamba ni lako, na mizabibu ile unaijua kuliko mimi. Nafasi zote mbili nimeziacha wazi.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mama Yotham naye anakusalimu. Nilipokuwa nimeshafika njiani aliniita tena, akasisitiza nisiisahau salamu yake.

Mungu akulinde na akurudishie nuru ya jicho.

Ni mimi mwanao,
Anitha