Mshono wa Chini ya Kiti

Mpendwa Papa,

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani nikasema jambo ambalo nilipaswa kukuambia wewe miaka minne iliyopita. Umetutoka bila kulijua. Sasa kwa kuwa watu wote wanalijua, naona si haki ubaki wewe peke yako hujaambiwa.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa fundi wa makabati ya jikoni kule Isipingo, pembeni mwa Durban, na siku moja ukaniomba nikutolee kwenye intaneti ramani ya kayaki ya mbao, ya baharini, ya watu wawili. Nilicheka. Wewe hukucheka. Ulisema kule Uvira, Kongo, ulikua ndani ya ziwa, lakini Durban umekaa miaka kumi na tano na bahari unaiona kwenye dirisha la teksi tu.

Kila Jumamosi nikitoka saluni mjini nilikuja karakana kukusaidia. Plaiwudi ulikata mwenyewe, ukatoboa vitundu pembezoni, ukanikabidhi waya wa shaba. “Wewe unasuka watu kutwa,” ulisema. “Nisukie na huu mtumbwi.” Nikaziunga mbao kwa waya, wewe ukinifuata na gundi, ukiimba nyimbo za kanisa na kuharibu maneno makusudi ili nikusahihishe. Sijapata kukaa karibu na wewe kama miezi ile.

Kazi ya mwisho ulinipa mimi. Chini ya kiti cha nyuma mkono wako haukuingia, wangu uliingia. Uliniagiza nijaze gundi kwenye mshono, nilaze kitambaa cha faibaglasi, nipake tena gundi juu yake. Halafu ukaenda kununua rangi. Mimi nilikuwa na miadi ufukweni South Beach, na mwanaume ambaye leo hata sijui anaishi wapi. Nikapaka gundi mara moja, juu juu, bila kitambaa, nikakifunga kiti.

Uliporudi uliuliza, “Neema, chini ya kiti iko sawa?”

“Iko sawa, Papa.”

“Umepaka mara mbili?”

“Mara mbili.”

Hukufungua kuangalia. Ulinipa nauli, ukaniambia nisichelewe.

Siku ya kuishusha majini, waumini wote walikuja ufukweni upande wa Point na nguo zao za ibada. Mama alikuwa ameshika viatu mkononi. Pasta aliomba, kwa kirefu, mpaka ukafungua jicho moja ukanikonyeza. Tukavaa majaketi ya kuokolea, wewe ukakaa mbele, mimi nyuma, tukapiga kasia. Kayaki iliteleza vizuri sana, Papa. Uligeuka kunitazama na uso wako ulikuwa wa mtu ambaye simjui, kijana, hana wasiwasi wowote. Ukapiga kelele, “Inatembea!”

Mimi nilikuwa nimekwisha kuhisi ubaridi chini yangu.

Maji yalipanda taratibu. Yalinifika nyongani. Nilijua yanaingilia wapi, na sikusema. Ule mshono naweza kuuita uvivu wa msichana mwenye haraka. Lakini pale nilikaa ndani ya maji, nikiutazama mgongo wako ukifurahi, nikijiambia labda tutarudi kabla hujagundua. Niliogopa kuulizwa kuliko nilivyoogopa kuzama. Ningesema wakati ule, tungegeuka taratibu tukafika salama.

Hatimaye ukasema, “Mbona nyuma iko nzito? Tugeuze.” Tulipogeuka, wimbi likatupiga ubavuni na kutupindua. Ukingo wa kayaki ulikupiga begani. Vijana wawili waliokuwa wakiteleza kwenye mawimbi kwa mbao ndio waliokuvuta hadi mchangani, na wewe, ukitapika maji ya chumvi, neno lako la kwanza lilikuwa, “Neema iko wapi?”

Watu walipoona tu wazima, wakaanza kucheka. Mmoja akasema, “Eish, Nuhu wetu kazamisha safina!” Jina likakuganda tangu siku ile. Ukainuka, umeshika bega, ukawaambia, “Kosa iko yangu. Nilipima mubaya.” Kisha ukanigeukia mimi. “Unisamehe, mama. Kidogo nikuue.”

Nikasema, “Usijali, Papa. Nimekusamehe.”

Nilisema hivyo, mbele ya watu wote.

Baada ya hapo ukawa mtu wa kupima ubao mmoja mara nne. Ukaanza kumwita Papa Deo, uliyemfundisha useremala mwenyewe, aje kukukagulia kazi. Kanisa lilipotaka mabenchi mapya ulikataa, ukasema wampe yeye. Ukanichukua twende wote kupima macho. Daktari alisema macho yako hayana tatizo. Ukamwomba miwani hata hivyo. Nilikuwa nimekaa kando yako, Papa. Nilikuwa na nafasi, na nikaanza kusoma bango la ukutani.

Hata hospitali, presha ilipokuangusha, siku zako sita za mwisho nilikulisha uji kwa kijiko nikazungumza habari za saluni.

Mwezi huu nilikwenda karakana kwa Papa Deo, nikamweleza yote. Alizima mashine. Nilianza kulia, akasema, “Usinililie mimi. Nilikuwa nakagua kazi ya mwalimu wangu, na yeye anasimama pembeni kama mwanafunzi. Unajua hiyo inaumiza vipi?” Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, “Wale walicheka wakiwa wengi. Waambie wakiwa wengi.”

Ndipo nikasimama Jumapili. Nilieleza kama nilivyokueleza hapa. Mama alitoka nje kabla sijamaliza. Anapika, ananiwekea sahani, lakini mpaka leo hajanisemesha, na sijamwomba anisemeshe.

Sikuandikii unionee huruma. Kuna kitu kimoja tu ambacho ninaweza kukifanya nikiwa bado hai na wewe hupo. Ule msamaha niliokupa mchangani, naufuta. Hukuwa na kosa la kusamehewa. Ulipima vizuri, Papa, mbao zote.

Lala salama.

Bintiyo mkubwa,
Neema