Nyuma ya Pazia la Mnara

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Mimi huku sijambo kabisa. Nakula, nalala, na nguo zimeanza kunibana, kwa hiyo ile hofu yako kwamba nitarudi mifupa mitupu iweke kando.

Kabla sijaendelea, nina ombi. Nimefanya jambo ulilonikataza, na nitakueleza humu humu. Lakini nakujua: ukishakasirika husomi tena, unakunja karatasi na kwenda kuosha vyombo kwa kelele. Tafadhali nisome hadi mwisho. Ukitaka kuvunja sahani, vunja baada ya kufika kwenye sahihi yangu.

Kazi inakwenda. Bado niko kiwandani, kitengo cha kushona madaftari, na vidole vimekuwa sugu. Miezi minne iliyopita mashine yetu ilianza kuruka nyuzi, msimamizi akanituma nipeleke kifaa cha mashine hiyo kilicholegea kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Huko ndiko nilikokutana na mchezo ulioniteka akili. Usicheke.

Kila Jumamosi saa nane mchana, fundi yule husogeza cherehani zake ukutani na kutandika ramani aliyoichora mwenyewe juu ya meza ya kukatia vitambaa. Watu wazima watatu tunaizunguka na kujifanya watu wa hadithi. Yeye ndiye Msimulizi, anatuambia tuko wapi na tunaona nini. Muuguzi wa kliniki ya meno ni mchawi mwema. Dereva wa lori, tunayemwita Breki, ni shujaa mwenye shoka. Mimi ni mdokozi, kazi yangu ni kupita bila kuonekana. Tukijaribu jambo gumu, dadu yenye pande ishirini ndiyo inayoamua.

Natamani ungeona jinsi mzee yule anavyoendesha mambo ya kujificha, maana sijakutana na kichwa kama kile. Siku ya kwanza Breki alisimama katikati ya ukumbi mtupu wa hadithi, uliomulikwa kwa mishumaa, akatangaza kwamba anajificha. Msimulizi akamuuliza kwa upole anajificha nyuma ya nini. Breki akajibu kwamba nyuma ya shoka. Tulicheka mpaka muuguzi akamwaga chai juu ya ramani, na nchi yetu ikapata ziwa ambalo halikuwepo. Fundi hakulifuta. Alichukua kalamu akalizungushia ufuo.

Basi tukafundishwa. Lazima kuwe na kitu kati yako na macho ya watu: ukuta, giza, ukungu. Halafu dadu inarushwa na kujumlishwa na namba ya ustadi wako. Kila mlinzi naye ana namba yake ya uangalifu, hata kama amekaa tu anajikuna. Yako ikizidi yake, hakuoni. Ukipiga kelele au ukimrukia mtu, umejitoa mwenyewe. Tena unaweza kuwa umefichika kwa mlinzi mmoja huku mwenzake anakutazama meno yote nje. Lakini linaloniacha hoi ni hili: dadu ya kujificha anairusha yeye, nyuma ya kipande cha boksi la mashati, nawe huioni. Alisema mtu aliyejificha hajui amejificha vizuri kiasi gani. Anachojua ni kwamba bado hajaitwa.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mdokozi wangu aliingia mnara wa adui kuiba ufunguo, akajibana nyuma ya pazia. Mlemle ndani alikuwa amekaa mlinzi mzee. Nilibanwa nyuma ya pazia lile Jumamosi tatu nzima, dada, huku wenzangu wakipigana chini kwenye ngazi. Kila nikiuliza mlinzi anafanya nini, Msimulizi alinijibu kwamba anasugua viatu vyake. Nilitoka jasho la kweli kwa ajili ya mtu wa kubuni. Mwishowe mlinzi aliinuka akatoka, ufunguo akausahau mezani. Niliunyakua, tukashinda, Breki akacheza mpaka kabati la vifungo likatikisika.

Jumamosi iliyopita hadithi ile ilifika mwisho, nami nikaomba nionyeshwe dadu yangu ya siku ile ilisemaje. Fundi aligeuza kile kipande cha boksi. Alikuwa ameandika mbili. Ukijumlisha ustadi wangu, inafika tisa. Namba ya mlinzi ilikuwa kumi na tano. Aliniona tangu nilipoingia.

Breki alikuja juu, akasema huo ni wizi na kanuni zimevunjwa. Fundi akamjibu kwamba kanuni inasema tu kama mlinzi ameona. Akishaona afanye nini, hilo ni lake. Muuguzi akataka kujua kwa nini basi mlinzi hakuita wenzake. Fundi akasema kwamba mlinzi alimwona mtu mwenye hofu, naye akaogopa kwamba akimwita, atakimbia asirudi tena. Alilisema hilo akiangalia uzi uliokuwa vidoleni mwake.

Wenzetu walipoondoka aliniambia kwamba alinijua tangu siku ya kwanza, kabla sijakiweka kile kifaa mezani, kwa sababu nasimama kama marehemu Mama alivyokuwa akisimama, mguu mmoja umelegea na mkono kiunoni.

Dada, ni Baba.

Mimi pia nilimjua. Alikuwa ameinama akiibembeleza cherehani, akiiambia haya mama, haya, taratibu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa na miaka sita. Uliniapisha nisimtafute, na sikumtafuta. Siku ile nilitumwa. Jumamosi zote zilizofuata nilijituma mwenyewe, nikampa jina la uongo, nikaketi mbele yake nikidhani nimejificha. Hilo ndilo kosa langu, na naliungama.

Nilimuuliza kwa nini alituacha. Alisema ni uoga, na kwamba hana sababu nzuri kuliko hiyo. Nililia, nikamwambia jinsi ulivyoacha shule ukanilea na kunisuka nywele huku vitabu vyako vikiliwa na mchwa. Hakujitetea hata kwa neno moja. Hakuniomba nimsamehe wala nimwombee kwako. Aliomba tu nikuandikie, kwa kuwa hataki nikufiche kitu kwa ajili yake. Nimempenda, dada. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini nimempenda.

Nyuma ya bahasha nimeandika anwani mbili. Ya juu ni ya kiwanda chetu. Ya chini ni ya karakana yake. Barua ikifika huko ataipokea yeye na kunikabidhi bila kuifungua. Unijibu kwa utakayoichagua. Nikiona imekuja kiwandani nitaelewa, na sitakusumbua tena kwa habari hii. Wewe ndiye mama yangu, hilo halibadiliki kwa anwani yoyote.

Nisalimie shemeji, uwabusu wanangu mashavuni kwa niaba ya mama yao mdogo, na jirani mpe pole ya mguu. Nakaa hapa nikimsubiri mtu wa posta.

Ni mimi,
Mdogo wako uliyemlea