Kifungu Nilichokitunga Mwenyewe

Mama yangu mpendwa,

Unakumbuka siku niliyokusomea mkataba wangu, pale nyumbani Kabambare? Ulikuwa unapeta mpunga, mimi nimevaa kanzu mpya, nasoma kwa mikogo. Karani mzima wa mfanyabiashara wa Kasongo, na mkataba nimeuandika kwa mkono wangu! Nilipofika kwenye kifungu kisemacho mtumishi hatatoka kazini mpaka ampe bwana ilani ya mwezi mmoja, kwa mdomo, bwana mwenyewe akisikia, ukaweka ungo chini.

"Na kama bwana haiko?"

Nilicheka. Hukujua hata alifu, nikakuona mshamba. Kifungu kile nilikitunga ili kumfurahisha bwana, maana anapenda sana kuagwa.

Sasa bwana amesafiri kuteremka na mto, na misimu miwili ya mpunga imepita hajarudi. Habari ya kifo chako iliponifikia nilikwenda kwa nyapara wake, nikatoa ilani. Nilitaka tu kuwahi arobaini yako. Akatikisa kichwa.

"Miye niko nyapara tu, karani. Kutoka, mutu anaambia bwana."

Kadhi naye aliusoma mkataba mara mbili, kisha akauliza nani aliuandika. Nikajionyesha kwa kidole. Kuubadili siwezi, mashahidi wote wako hai; na nikitoroka, mtoro hurudishwa kwa mnyororo. Hilo pia niliandika mimi.

Arobaini ni keshokutwa. Hata nikiachiwa sasa, siwahi. Nina hasira, mama, na sina wa kumtolea ila nafsi yangu.

Leo asubuhi nyapara kaniletea mpagazi kutoka Lusangi, nimwandikie mkataba kama ule ule. Nikamsomea. Nilipofika pale pale, akakuna kidevu.

"Na bwana akiwa haiko, itakuwa namna gani?"

Nusura nilie mbele yao. Nyapara hajui kusoma. Nikachovya kalamu, nikaongeza maneno matatu: au nyapara wake. Nyapara akapiga muhuri wa bwana juu yake bila kuuliza. Siku mpagazi atakapotaka kutoka, kadhi atamsomea nyapara maneno hayo.

Yeye ataweza kwenda kumzika mama yake. Mimi keshokutwa nitakusomea Yasini hapa hapa, nimeketi kando ya sanduku la mikataba. Nisamehe kwa kile kicheko.

Lala salama, mama.

Mwanao, karani uliyemjivunia