Mstari wa Saba wa Fomu ya Kalekye

Kitui, 5 Agosti 2025

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakuamkua kwa heshima, nikitumaini kwamba mgongo umepoa na kwamba mdogo wangu Kalekye hakuachi peke yako kwenye kabichi. Mimi ni mzima, isipokuwa sauti. Ijumaa tulisimama mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo kwa saa nne tukidai maji bwenini, na kipaza sauti nilikishika mimi. Umenikataza kukupigia simu kwa sababu, kwa maneno yako, nikipiga nahutubia na wewe hupati pa kuingilia. Basi hotuba hii naituma kwa lori la Nzuki, uisome polepole.

Fomu ya Mtakatifu Otilia uliyonitumia nimeisoma yote. Mwaitu, hii ndiyo shule. Nasema hivyo mimi nisiyesifu taasisi ovyo. Kuna maabara tatu. Kuna masista wanaofundisha kemia wenyewe. Na kila mwaka kuna nafasi nne za wafadhili kwa wasichana wenye akili ambao kwao hakuna uwezo. Mtoto aliyechemsha maji ya chumvi ya kisima cha nyanya yake kule Nuu, akapima chumvi iliyobaki kwenye sufuria, akaandika daftarini bila kutumwa na mtu, huyo utampeleka wapi? Shule ya kutwa isiyo na hata mrija mmoja wa kioo?

Tatizo ni mstari wa saba. Unauliza dhehebu. Sisi ni watu wa wokovu, na wewe ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nauliza: wasichana mia wakiomba nafasi nne, masista wataanza na wa nani? Andika Katoliki. Panapoulizwa jumuiya, andika Mtakatifu Ana. Mukami, tunayeishi naye chumba kimoja, amezaliwa humo. Amekubali kuja Nunguni wiki moja amfundishe Kalekye sala zote.

Usiniambie ni uongo. Uongo ni kumwonyesha mtoto wa maskini mlango, ukamwambia uko wazi, hali umekwisha kuukomea kwa ndani. Anayefungua komeo hilo kwa neno moja la wino hajamkosea mtu.

Binti yako,
Syokau


Nunguni, 11 Agosti 2025

Mwanangu Syokau,

Bwana asifiwe. Sisi hapa ni wazima kwa neema yake, mgongo ni ule ule, na baridi ya mwezi huu imetushika vibaya. Barua yako niliisoma kwa sauti pale nje na kuku wote wakakimbia. Hata kwa karatasi wewe unapiga kelele.

Shule nimeipenda. Wino ndio unaonitatiza. Tangu niokoke sijatia jina langu chini ya neno nisiloliamini. Hata baba yenu alipofariki, chifu aliponishauri nibadilishe tarehe moja tu ili karatasi zipite haraka, nilikataa, na wewe unajua tulivyosumbuka.

Nilimuuliza Kalekye. Akasema, "Mwaitu, si tuwaambie tu ukweli? Wakikataa, wamekataa." Nikamjibu kwamba dada yake amesoma kutushinda na anawajua wenye ofisi. Akashika jembe, akaenda zake shambani.

Fomu iko ndani ya Biblia yangu, haijajazwa. Niambie mara moja zaidi kwamba unajua unalosema.

Ni mimi, mama yako,
Muthoki


Kitui, 12 Agosti 2025

Mwaitu,

Salamu na heshima, na pole ya mgongo. Leo sitakuwa mrefu.

Najua ninalosema. Ukweli wako ulituweka miezi kumi na minne tukisubiri karatasi za baba, na aliyelipa ni nani? Ni mimi niliyekaa nyumbani muhula mzima. Sikulaumu; nakumbusha. Safari hii alipe mwingine. Mfumo huu haumwulizi Kalekye ana kichwa gani, unamwuliza anapiga magoti wapi. Basi na tuujibu kwa lugha yake.

Tia saini, Mwaitu. Dhambi hiyo iandikwe kwangu.

Binti yako,
Syokau


Nunguni, 22 Septemba 2025

Mwanangu Syokau,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Tu wazima wote, na leo hata mgongo nimeusahau. Nilitia saini, mtoto alikwenda kuhojiwa, na jibu limefika: amepata! Ni mmoja wa wale wanne.

Nikusimulie. Mukami alimfundisha vizuri. Kalekye alikuwa akirudia Salamu Maria huku akipalilia, mpaka Mama Kilonzo akasimama kwenye ua na kumuuliza, "We Kalekye, unaongea na kabichi?" Nikamjibu mimi kwamba ni shairi la shule. Huo ukawa uongo wa pili, nao ulitoka haraka kuliko ule wa kwanza.

Siku ya mahojiano, Sista Wanjiro, mwalimu mkuu, hakugusa habari za sala hata kidogo. Alimuuliza ni kitu gani anachotaka kukijua ambacho hakuna aliyemjibu. Kalekye akasema anataka kujua kwa nini kisima cha nyanya yake kina chumvi na cha jirani, hatua mia mbili tu, hakina. Sista akasahau chai yake. Walizungumza juu ya mawe na maji mpaka msichana aliyefuata akabisha hodi. Tulipotoka, Kalekye aliniambia, "Sala zote zile, Mwaitu, na hakuniuliza hata moja." Nilidhani anacheka. Nilipomtazama, hakuwa anacheka.

Namshukuru Mungu, lakini kanisani sijathubutu kushukuru kwa sauti.

Mama yako,
Muthoki


Kitui, 23 Desemba 2025

Mwaitu mpendwa,

Pokea salamu za Krismasi, wewe na mwanasayansi wetu. Mimi ni mzima. Nimebaki chuoni kwa sababu kesi yetu ya nidhamu itasikizwa wiki hii. Usiogope. Wanaotushtaki ndio wanaoogopa.

Nimepata ujumbe wako kwamba serikali imempanga Kalekye katika shule ya kutwa ng'ambo ya Kasikeu, isiyo na somo la sayansi, na kwamba mwalimu wake anasisitiza muombe kubadilishiwa kabla dirisha halijafungwa. Ya nini? Barua ya Otilia mnayo mkononi. Tusijipange foleni kuomba makombo ilhali meza imeandaliwa. Achana nalo.

Binti yako,
Syokau


Nunguni, Jumapili, 4 Januari 2026

Mwanangu Syokau,

Bwana asifiwe sana! Naandika nikiwa nimetoka kanisani sasa hivi, hata kitambaa cha kichwa sijavua. Natumaini u mzima na kwamba hiyo kesi imekuacha salama.

Mwanangu, nimetua mzigo. Tangu Septemba nilikuwa nikisimama mbele ya akina mama kuwaombea, na ulimi wangu ni kama si wangu. Unaijua desturi yetu: jambo likikulemea, unalileta nuruni mbele ya wote. Leo nilisimama, nikasema lote, mstari wa saba, jumuiya ya kuazima, na shairi la kabichi. Mama Kilonzo ndiye wa kwanza kunikumbatia. Akasema, "Kumbe yule mtoto alikuwa Mkatoliki wa shambani!" Watu wakacheka, wakaimba, wakanizunguka. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama msichana.

Lakini toba haikamiliki mpaka umwambie uliyemkosea. Kesho nitapanda lori la Nzuki, nishukie Otilia, nimwone Sista Wanjiro uso kwa uso. Ni mtu wa Mungu. Atafurahi pamoja nami. Kalekye ataanza shule wiki ijayo akiwa na dhamiri safi. Barua hii naiacha kwa Nzuki huyo huyo aendelee nayo mpaka kwako.

Mama yako mwenye furaha,
Muthoki


Kitui, 9 Januari 2026

Mwaitu,

Sijui nikuamkue vipi. Wewe na barua yako mlipanda lori moja, na wewe ulishuka kwanza.

Nilipopata ujumbe wako kwamba nafasi ya Kalekye imefutwa, nilikuandikia kurasa nne za ghadhabu, nimezichana. Jana nilikwenda Otilia mwenyewe. Nilikwenda na hotuba. Nilipanga kuwauliza ni Injili gani hii inayomwadhibu anayetubu. Sista Wanjiro alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili la mwaka huu. Nafasi nne, Mwaitu. Mmoja ni wa kanisa letu hili hili. Mwingine ni Mwislamu kutoka Mwingi. Mstari wa saba upo ili wajue nani wa kuamshwa kwenda Misa na nani wa kuachwa alale.

Nilimwambia aniadhibu mimi, saini ile ni yangu kwa haki. Akasema, "Binti, mama yako nilimkumbatia. Nililia naye. Lakini wafadhili wanataka faili lisilo na neno la uongo, na bodi ilikuwa imekaa asubuhi ileile. Mtoto wa tano kwenye orodha ameshapigiwa simu." Nikamuuliza kama Kalekye angeandikwa alivyo, angepata? Alinionyesha tu alama walizompa. Alikuwa wa kwanza.

Dirisha la serikali lilifungwa tarehe thelathini Desemba. Nimezunguka ofisi tatu za elimu hapa Kitui. Kote nimeambiwa nirudi mwaka ujao.

Nitafanya nini, Mwaitu? Tafadhali niambie Kalekye amesema nini.

Syokau


Nunguni, 16 Februari 2026

Mwanangu Syokau,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Nimekawia kukuandikia. Kalekye hakusema kitu. Tarehe kumi na mbili alivaa, akaenda ile shule ya Kasikeu. Alikwenda wiki tatu. Wanafundisha historia na biashara. Mwalimu wa sayansi hakuna, wala hajaombwa. Wiki ya nne alikunja sare, akaiweka kitandani kwangu, akasema, "Mpe mtoto wa Mama Kilonzo, itamtosha."

Nilimsihi kwa magoti. Nikamwambia tutaomba upya mwaka ujao, kwa jina letu, kwa kweli yote. Akaniuliza kwa upole, "Nitaomba nikiwa nani, Mwaitu? Faili langu wanalo."

Kuna Mkikuyu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Emali, Githaiga. Mkewe, Mama Sandra, alikuwa akitafuta msichana wa kumlelea mtoto. Kalekye alikwenda mwenyewe kujipeleka. Nilikuwa nimemkatalia. Alikwenda siku niliyokuwa kanisani.

Kanisani sasa ninakaa nyuma. Hakuna aliyenifukuza. Wananiita mbele nitoe ushuhuda, na mimi sijui nitasimulia mwisho upi.

Mama yako,
Muthoki


Kitui, 3 Machi 2026

Mwaitu,

Salamu. Mimi si mgonjwa.

Jumamosi nilikwenda Emali. Nyumba ya Githaiga iko nyuma ya duka, ina lango jekundu. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yote: haki yake, umri wake, sheria inasema nini. Kalekye alifungua akiwa amembeba mtoto mgongoni. Amekonda kidogo. Alinitazama kama unavyomtazama mtu wa kusoma mita ya maji, akasema, "Karibu. Lakini wenyewe hawapo."

Nikamwambia, "Kalekye, ni mimi."

Akasema, "Naona."

Alinikalisha sebuleni, kwenye kiti cha wageni. Akaniletea chai kwa kikombe na kisahani, akaenda jikoni. Hakurudi. Nilimsikia akimwimbia mtoto. Nilikunywa chai yote, Mwaitu, kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Kisha nilifungua lango mwenyewe, nikatoka.

Syokau