Kipa Niliyemficha

Kazungu, mtani wangu,

Usianze kucheka. Leo sina mzaha, ingawa najua huamini. Tangu tukiwa vijana katika timu ya kiwanda kule Changamwe, weye golini nami mbele nikifunga mabao mpaka ya kuwagawia wenzangu, hujanisikia nikisema maneno mawili ya kweli yakafuatana.

Ile supermarket yetu ya hapa Likoni wamezihamisha zile kadi za mpira. Zamani zilikaa kaunta, karibu na peremende. Sasa wamezitundika nyuma ya keshia, ukitaka pakiti uombe. Hupapasi tena. Nadhani ni kwa sababu yangu.

Maana nilikuwa nikikudanganya ati vidole vyangu vyamjua mchezaji pakiti ikiwa imefungwa. "Huyu beki, mzito. Huyu winga, hana hata kilo." Ukacheka mpaka ukakohoa. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umekwisha kukukata nguvu za miguu, hutoki kitandani. Ukanambia, "Basi mtani, niletee yule kipa. Kitabu changu cha kadi chote kimejaa, kimebaki kimfuko chake tu."

Kila Jumamosi nikaja na pakiti, na kisa juu. Mara mzungu wa Shelly Beach kaniwahi. Mara askari wa mlangoni kanifukuza mpaka feri, nami kwa mbio zangu nikampita hata yeye. Weye wacheka tu.

Kazungu, kipa nilimpata Jumamosi ya pili.

Nilifungua pakiti pale pale mlangoni pa duka, nikapiga kelele watu wakageuka. Nikamtia mfukoni nije mbio. Njiani nikafikiri: kitabu kikijaa, huyu ataningojea kwa lipi tena? Nyumbani kwangu hakuna anayecheka nikisema. Wallahi nilisema wiki moja tu, nikusikie ukicheka. Ikaja nyingine. Na nyingine. Ndipo ukafa.

Siku ya kukuzika waliningoja mimi. Wajua mila, mtani ndiye azuie jeneza, alitukane, adai chake ndipo lipite. Nilishapanga nilale njiani, niseme, "Hapiti huyu, maisha yake hajadaka ila kuku!" Halafu nikutilie kadi yako humo. Ulimi ukanifia. Nikasimama nikawahadithia watu nilivyozunguka maduka yote, Likoni mpaka Bombolulu, nikimtafuta kipa wako nisimpate. Mbele ya maiti yako, Kazungu! Na kadi i mfukoni! Watu wakalia. Dama mkeo akanishika mkono, akanipa kile kitabu. "Chukua, shemeji. Weye ndiye uliyemhangaikia."

Wiki tatu sikukifungua. Nikifika karibu na mlango wenu napita uchochoroni, kama mwizi.

Leo nimekwenda. Nimemkuta Dama akikuna nazi. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama, sikuongeza chumvi. Hakuniangalia. Alimaliza kizio kile cha nazi, akashika kingine. Kisha akasema, "Kila Jumamosi asubuhi alikuwa akitaka nimnyoe. Nimvalishe shati. Ati mtani aja."

Nikasema, "Aja na kipa."

"Hakutaja kipa. Asema mtani aja, basi." Hapo ndipo akaniinulia macho. "Angekungoja hata mikono mitupu, mpumbavu weye."

  Nilitamani anipige kwa ile mbuzi ya nazi.

Nimemtia kipa mahali pake, Dama akitazama, na kitabu nimemwachia. Msamaha sikumwomba, na kwako siombi. Nitauombea wapi, na weye ulijipamba kunisikiliza mimi nikikudanganya?

Nilipofika mlangoni kaniita. Ati Jumamosi nije nimkunie nazi, mikono yake imechoka. Na nisifungue mdomo.

Nitakwenda, Kazungu. Nitakuna, nami nitanyamaza. Naahidi, na hii usiitie katika zile porojo zangu.

Kwaheri, ndugu yangu.