Nyota Saba za Ngumbo

Jumanne, Julai. Mwaka wa arobaini na mmoja tangu niondoke Ngumbo, kijijini kwetu kando ya ziwa.

Dada yangu Agatha amenitumia picha ya anga aliyoipiga ufukweni. Aliweka kamera yangu ya zamani juu ya kinu kilichopinduliwa, akaacha lenzi wazi sekunde ishirini. Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba zile nyota saba karibu na maji nazikumbuka tangu utotoni.

Akapiga simu akicheka. "Kaka, hizo ni taa za wavuvi wa usipa, vile vidagaa vya ziwa letu. Giza lisilo na mwezi si la nyota tu, ni lao pia. Njoo basi ufundishwe upya, msomi wetu."

Nami nilivua usipa na baba miaka sita, kwa taa kama hizo hizo.

Kila mwaka humwambia nitakuja Desemba. Leo nimemwomba tu apige picha nyingine, aniandikie ipi nyota, ipi taa. Sitarudi Ngumbo.