Aliyemwita Mwinjilisti

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Zipu nyeusi zimeisha tena. Mafundi cherehani wa barazani wamenijia juu kana kwamba mimi ndiye ninayezitengeneza. Nimemwambia Bwana Manilal aagize, ameitikia kwa kichwa bila kuinua macho kwenye gazeti. Miaka minne nauza vifungo na uzi dukani kwake hapa Msimbazi, na bado hanisikii mpaka wateja wapige kelele.

Mchana muuza kaseti wa jirani akaiweka ile yangu. Ushuhuda wangu, mtaa mzima. Jinsi nilivyougua Magomeni. Jinsi mwenye nyumba alivyonifungia mlango kwa kufuli kwa sababu ya imani yangu, siku tatu bila maji. Jinsi Mwinjilisti Yona alivyotokea bila kuitwa na mtu, ametumwa na Bwana mwenyewe. Halafu haleluya za kanisa zima. Niliinama chini ya kaunta kutafuta kitu nisichokihitaji.

Kumbe leo Bwana Manilal alikuwa anasikiliza. "Tabitha, huyo mama mwenye nyumba, mbaya namna hiyo, yuko wapi sasa?" Nikamwambia yuko pale pale. "Mungu amsamehe," akasema, akafunua ukurasa. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 4 Oktoba

Mchungaji amepita dukani. Mkutano wa injili Jangwani unaanza Ijumaa, na Jumapili saa kumi jioni ni zamu yangu ya kushuhudia. Spika nne. Mbili zitaelekezwa Magomeni, ameniambia kwa furaha. Nyumba ya Bi. Zuhura iko upande huo, ukivuka bonde tu.

Niyaandike hapa, maana daftari hili halina msomaji. Sikufungiwa mlango. Nilikuwa mpangaji wa Bi. Zuhura, nikalala wiki tano kwa homa ya matumbo. Alinilisha uji kwa kijiko. Aliniogesha. Alinifulia shuka, na shuka zile hazikuwa za kufuliwa na mtu baki. Na Yona aliitwa. Siku niliyoacha kuongea, Bi. Zuhura alivaa buibui lake akaenda kwa miguu hadi kanisani, akabisha hodi, akasema mtu wenu anakufa, njooni mumwombee kwa namna yenu. Wakati huo nilikuwa Mkristo wa jina tu. Yona alinisimulia mwenyewe nilipopata nafuu. Kisha alihamishiwa Mbeya. Hapa mjini tumebaki wawili tunaojua, mimi na yule mama.

Jumatano, 5 Oktoba

Najua pa kuanzia kujilaumu. Mara ya kwanza kusimama kanisani nilisema, "Nilikuwa peke yangu." Nilikuwa na maana ya ndugu, ndugu zangu wako Singida. Watu wakapiga haleluya. Tamu mno ile haleluya, sikuwahi kushangiliwa maishani. Jumapili iliyofuata nikaongeza mlango. Walipokuja kurekodi kaseti, mlango ulishapata kufuli, na Yona alishaacha kuitwa.

Nilijidanganya kwamba namtukuza Mungu. Nilikuwa najitukuza mimi.

Wokovu wangu si wa uongo. Yona aliponiwekea mkono kichwani niliamini, na sijageuka mpaka leo. Ndiyo maana inaniuma. Kweli ilikuwa inatosha.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimekutana na Bi. Zuhura sokoni, anachagua nazi, anazitikisa sikioni moja moja. Nusura nigeuke. Akaniwahi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu! Nasikia Jumapili utasema kwenye spika? Saa ngapi? Nitatandika jamvi barazani na wenzangu. Nimeshawaambia, yule nilimuuguza mimi."

Nikasema saa kumi. Sijui kwa nini nilisema. Natamani kuumwa tena.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimemweleza Mchungaji yote, kabla mkutano haujaanza, vijana wakifunga turubai. Swali lake la kwanza: nani mwingine anajua?

Si mtu mbaya. Ameogopa, kama mimi. Anasema kaseti imefika hadi Mwanza, watu wameokoka kwa kuisikia, nikiubomoa ushuhuda hadharani nitawakwaza walio wachanga. Anasema niruke hapo. Nisimtaje mwenye nyumba, wala kwa jema wala kwa baya. Nikikataa, nafasi atampa mwingine.

Nimemwambia nitaruka. Nimetoka pale nikiwa na hasira naye, na zaidi na mimi.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimejaribu mbele ya kioo mara tatu. Nikiruka, hakuna kinachobaki, ni mgonjwa aliyepona tu. Nisiporuka, ulimi unakimbilia kwenye kufuli wenyewe. Nimeizoea mno njia hiyo.

Jumapili, 9 Oktoba

Jioni.

Nilipanda jukwaani. Niliangalia ng'ambo ya bonde, yale mabati ya Magomeni, nikajua amekaa barazani na wenzake. Nikasema: "Niliugua nyumbani kwa mama mmoja wa Kiislamu, Bi. Zuhura. Nimewasimulia sana habari zake. Leo nataka mjue alichonifanyia."

Umeme ukakatika. Mgao. Walikuwa wamevuta waya kutoka nyumba ya jirani, na jenereta hatuna. Spika zikafa zote.

Niliendelea kwa mdomo mtupu. Nikapaza sauti kwamba hakunifunga, kwamba nilidanganya, kwamba ndiye aliyemwita Mwinjilisti. Watu wa safu mbili za mbele walisikia. Mama mmoja alishika kichwa. Mchungaji akatazama viatu vyake, halafu akawapa ishara wanakwaya, ngoma zikanifunika.

Nimesema, hatimaye. Lakini Magomeni wamesikia jina lake kwenye spika, na "alichonifanyia", basi. Baada ya hapo kimya. Ni vibaya kuliko kama ningenyamaza. Naogopa kwenda na naogopa kutokwenda.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimeomba ruhusa dukani, nimekwenda.

Barazani walikuwa wanawake wanne. Salamu yangu iliitikiwa nusu. Mwajuma, mpwa wake, akasimama mlangoni. "Umekuja kumalizia?" Nikasema ndiyo.

Bi. Zuhura alikuwa uani anachambua mchele. Hakuniambia nikae. Nikaeleza nimesimama, kuanzia haleluya ya kwanza mpaka kufuli. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akapuliza makapi, akasema:

"Kaseti ninayo. Mwajuma aliniletea mwaka jana. Nikamwambia, homa ile ilikuwa kali, labda imemvuruga kumbukumbu."

Mwaka mzima! Na nazi sokoni, na jamvi, na kuwaambia wenzake alivyoniuguza. Alikuwa anangoja nikumbuke. Nililia, sikujali nani ananiona.

"Kule kwenu uongo wameusikia wengi," akasema. "Hapa nje wapo wanne. Nenda kawaambie hao."

Nimeshuhudia barazani bila spika. Hapakuwa na wa kupiga haleluya. Nilitaja shuka, na buibui, na kubisha hodi kanisani. Nilitaja pia sala ya Yona na Yesu niliyemwamini siku ile, sikulificha hilo kuwapendeza. Niliposema uji wa ulezi, Bi. Zuhura akanikatiza kutoka ndani:

"Wa mchele! Wa ulezi ulikuwa unautapika."

Mmoja akacheka. Kisha Bi. Zuhura akatoka, akakaa kwenye jamvi. "Hayo ya Yesu ni yako na Mola wako," akasema. "Uji ni wangu, usinipokonye tena."

Mwajuma hakuniaga. Ana haki yake.

Alhamisi, 13 Oktoba

Zipu zimefika. Nimezipanga kwa urefu.

Mchungaji hajapita wiki hii. Nasikia wazee wa kanisa watakaa Jumamosi kunizungumzia. Watanikuta.

Asubuhi, duka likiwa tupu, nilimwambia Bwana Manilal habari ya yule mama, jinsi ilivyokuwa kweli. Alikunja gazeti, akaliweka kando mpaka nilipofika mwisho. Akauliza kama bado yu mzima. Mzima, nikasema.

Saa nane jirani akaiweka tena kaseti yangu. Siwezi kuzikusanya, ziko kila mahali. Sikuinama chini ya kaunta. Fundi mmoja aliyekuja kuchukua zipu akasikiliza, akanitazama, akauliza kama sauti ile ni yangu.

Nikamwambia ndiyo, ila mlango ulikuwa wazi, na kama ana nafasi akae nimweleze nani aliyemwita Mwinjilisti. Akavuta stuli.